Muuza maharage na gesi ya tumbo

Wateja wangu pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, wana swali moja ambalo halijawahi kubadilika: "Mama, haya hayana gesi?" Wanachota maharage ya kablanketi, wanayarudisha, wanachota ya njano, wanauliza tena. Jirani yangu wa meza ya pili huwajibu bila kupepesa macho kwamba ya njano hayana gesi kabisa, na wanamwamini, maana ana sauti ya mtu aliyesomea. Mimi huwaambia maharage yote yana gesi, kinachotofautiana ni upikaji na tumbo linaloyapokea. Sitanii. Mwaka 2016 nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na tangu hapo tumbo langu limekuwa mkaguzi mkali kuliko yeyote aliyewahi kupita sokoni kwetu.

Habari ya upasuaji wenyewe nitaipitia haraka. Nilikuwa na kilo 128, kisukari kilichokataa kutulia kwa vidonge, na magoti yaliyonifanya nishuke ngazi za kanisani kinyumenyume. Kaka zangu wakauza shamba letu la mpunga la Igurusi, nikaenda India. Nilichofanyiwa ni ile aina ambayo wanakata sehemu ndogo ya juu ya tumbo na kuiacha kama kifuko cha mililita 30 hivi, halafu wanaukata utumbo mwembamba na kuuleta juu uunganishwe na kifuko hicho. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Nyongo na maji ya kongosho vinakutana nacho huko mbele. Uzito ulishuka, sukari ikatulia, magoti yakanisamehe. Kuhusu gesi niliambiwa tu kwamba ningeiona kidogo siku za mwanzo.

Siku za mwanzo sikuiona ya kusema. Ilikuja kunikamata baadaye sana, wakati watu wote nyumbani wameshasahau habari za upasuaji na mimi nimerudi kula karibu kila kinachopikwa. Asubuhi kitenge kinafunga vizuri, ikifika saa kumi jioni fundo limeshalegezwa na tumbo limesimama mbele yangu kama si langu. Mama mmoja anayeniletea mchele kutoka Kyela alinitazama siku moja akatabasamu: "Hongera mama, kumbe Mungu hamtupi mja wake." Nilikuwa na miaka 49. Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nikaendelea kuhesabu magunia.

Usiku ndiyo usiseme. Mume wangu ni mstaarabu, hujifanya amelala. Kanisani kwetu Moravian kuna vipindi vya sala ya kimya, na mtu akiwa na tumbo linalounguruma kama langu, ukimya ule anausikia tofauti na wenzake.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja mstaafu, mteja wangu wa njegere. Nilishajaribu kuacha hiki na kile, sioni mwelekeo. Akaniambia, "Mwanangu, usiandike ulichokula tu. Andika na saa tumbo lilipoanza." Nikachukua daftari langu la mali kauli, mbele kuna madeni ya watu, nyuma nikaanza kuandika ya tumbo. Ushauri ule naona ndio uliobeba mengine yote niliyojifunza, kwa sababu neno gesi tunalitumia kwa mambo yasiyofanana. Kuna hewa uliyoimeza mwenyewe, kuna gesi iliyotengenezwa ndani na bakteria, na kuna ile iliyokwama kwa sababu njia imezibwa na choo. Zote zinavimbisha tumbo, ila hazitokei saa moja, na dawa ya moja haigusi nyingine.

Gesi inayokuja ukiwa bado unakula, au dakika chache baada ya kuweka kijiko chini, inakaa juu, inataka kutoka kwa kubeua. Hiyo ni hewa ya kumeza. Sisi wafanyabiashara tunakula vibaya sana: sahani iko juu ya gunia, mdomoni kuna tonge, mteja anauliza bei, unajibu, unameza tonge pamoja na jibu. Mtu mwenye tumbo zima ana nafasi ya kuificha hewa hiyo. Mwenye kifuko kama changu hana, kinajaa, kinauma hadi mgongoni, na kijasho kinamtoka. Hapo kemikali wala mitishamba haisaidii sana. Nilihamishia mlo wangu stoo ya nyuma, mlango umefungwa, na kijana wangu akabaki mezani. Nakula kwa kijiko cha chai, natafuna mpaka chakula kiwe uji, sizungumzi. Maji nakunywa nusu saa kabla ya kula au nusu saa baada, wala sitelemshii tonge kwa maji. Soda niliaga, na mrija nao, maana kila mvuto wa mrija unaanza na hewa iliyomo ndani yake. Bigijii nilikuwa natafuna kuondoa harufu mdomoni; ina hasara mbili, unameza hewa muda wote, na zile zisizo na sukari zinawekwa sorbito au zailito, sukari za kiwandani ambazo utumbo hauzifyonzi vizuri, basi zinakwenda kuchachuka huko chini.

Gesi ya kundi la pili kwangu inaanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kula, tumbo linanguruma, kisha naendesha. Daftari lilionyesha kitu kimoja kila mara: maziwa. Hili liliniuma, kwa sababu mimi ni mtu wa Rungwe na chai bila maziwa kwetu ni chai ya mgonjwa. Sukari ya maziwa inahitaji kimeng'enya kinachotengenezwa kwenye utumbo mwembamba, hasa sehemu zile za juu ambazo kwangu chakula hakipiti tena. Halafu watu wazima wengi duniani kimeng'enya hicho huwa kimeshapungua tangu utotoni, kwa hiyo upasuaji ulinikuta na akiba ndogo ukaimaliza. Mgando wa kwetu sina kesi nao, bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo kabla haujanifikia. Unga wa protini niliokuwa naagiza Dar kwa bei ya kukufuru ulikuwa umetengenezwa kwa maji ya maziwa, sukari yake ikiwemo, nami nilikuwa naunywa kila asubuhi kwa ajili ya afya. Siku hizi protini natafuta kwenye mayai, samaki wa Kyela na kuku.

Hapo tofautisha na ile hali ya moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na usingizi mzito baada ya kitu kitamu. Inafanana saa na gesi ya maziwa, ila hiyo ni sukari imemiminika kwenye utumbo kwa mkupuo. Keki ya harusi inatosha kunilaza.

Sasa maharage. Yenyewe hayana haraka. Unakula mchana, mchana unapita salama, unajisifu, ikifika usiku tumbo limekuwa ngoma. Ndiyo maana watu wengi wanayasingizia makosa ya chakula cha jioni. Maharage yana sukari za aina yake ambazo utumbo wa binadamu yeyote, aliyepasuliwa na asiyepasuliwa, hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita nzima mpaka utumbo mpana, huko bakteria wanazichachusha na kutoa gesi. Kwa mtu wa kawaida ni jambo la kucheka. Inakubalika kabisa kiafya mtu kutoa hewa mara 10 hadi 20 kwa siku. Kwangu mimi chakula kinafika kule kikiwa kimemeng'enywa nusunusu, kwa hiyo bakteria wanapata karamu kubwa zaidi.

Kuacha maharage kabisa sikutaka. Nayauza, nimelelewa nayo, na ni chakula kizuri. Nilibadilisha upikaji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu haya ndiyo ninayoyajua kwa mikono.

Kwanza naangalia umri wake. Maharage yaliyovunwa msimu huu, yale yanayoshuka sokoni kuanzia Mei, yana ngozi inayong'aa, ukiyang'ata yanakubali jino. Yaliyolala stoo ya joto mwaka mzima yanakuwa sugu. Utapika mkaa uishe, ngozi itapasuka lakini katikati pana kiini kigumu. Kiini kile ndicho adui yangu. Nayachambua, nayaosha, nayaloweka jioni kwenye sufuria kubwa, maji yapande juu mara tatu ya maharage. Asubuhi ukifunua unakuta maji yamegeuka rangi ya chai hafifu, juu kuna povu jembamba linaloshikamana pembeni mwa sufuria, na ukiinama unasikia kaharufu ka uchachu. Sehemu nzuri ya zile sukari imeshatoka, imo kwenye maji hayo. Yanamwagwa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia namwaga utamu, na kweli kidogo ladha inapungua, lakini usingizi wangu una bei. Nabandika na maji mapya, yachemke sana dakika kumi, namwaga tena, naweka mengine, ndipo napika moja kwa moja.

Na yapikwe hasa. Huku kwetu tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzijoto 94 au 95, hayafiki 100 kama Dar. Ndugu zangu wa Dar wakija wanapika maharage kwa muda wao wa Dar, wanayaona yametokota, wanapakua, halafu wanalalamika maharage ya Mbeya yana gesi! Hayajaiva, basi. Sufuria ya presha inamaliza ubishi huo. Magadi siweki, yanalainisha haraka lakini yana chumvi yake, na mimi presha naichunga.

Kipimo changu ni vijiko vitatu vya kulia mezani, mchana, si usiku. Yakisagwa na kuchujwa maganda nafika hata vitano. Choroko zinanikubali kuliko maharage. Njegere zinanikataa kuliko yote, ingawa yule muuguzi anazila kila siku na hana habari. Matumbo hayafanani, hata yale yaliyokatwa na daktari mmoja.

Kitunguu kilinichukua muda kukigundua kwa sababu kimo kwenye kila kitu. Kinachosumbua ndani ya kitunguu na kitunguu saumu kinayeyuka kwenye maji, hakiyeyuki kwenye mafuta. Nakaanga vipande vikubwa mpaka mafuta yachukue harufu, navitoa, ndipo naendelea na nyanya. Mchuzi unanukia kama wa watu wengine. Kabichi ni kidogo na iive, mbichi hapana.

Halafu kuna kiporo. Nani huku hajakunywa chai na viazi vya jana? Viazi, ugali na ndizi za kupika vikipoa, sehemu ya wanga wake inajigeuza kuwa ngumu kumeng'enywa, na ukipasha moto haurudi wote ulivyokuwa. Wenye kisukari wanaambiwa ni jambo zuri. Kwa mwenye gesi ni chakula kingine cha bakteria. Ndizi za Tukuyu zikitoka jikoni zinafuka moshi nakula bila wasiwasi, zikilala naachia wajukuu. Wali wa moto ndio rafiki yangu mkubwa, wanga wa mchele unafyonzwa karibu wote kabla haujafika chini. Chapati na maandazi vinanijaza zaidi ya ugali wa sembe.

Matunda ya baridi yanayotoka Njombe na Makete, matufaa, peasi, plamu, pichi, yote yana sorbito ya asili. Peasi moja nzima ni usiku mzima. Parachichi nalo, pamoja na sifa zake zote na fedha zote inazoleta Rungwe, robo inanitosha. Ndizi mbivu isiyoiva kupita kiasi na papai vinapita vizuri. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, nikienda Iringa kwa dada yangu nausalimia kwa macho. Ni kinywaji kinachoendelea kuchachuka hata kikiwa kwenye kikombe, na pombe yoyote baada ya upasuaji huu inapanda kichwani kwa kasi ya kutisha, hata kwa kiasi ambacho zamani usingekihisi.

Kulikuwa na gesi moja ambayo haikuwa na saa. Ilikuwepo asubuhi, mchana, usiku, nimekula sijala. Daftari halikunisaidia. Hiyo ilikuwa na sababu mbili zilizopandana.

Ya kwanza ni choo. Aliyefanyiwa upasuaji kama wangu anatumia virutubisho maisha yake yote: madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, vitamini B12. Vidonge vya kuongeza damu vinakausha choo, na kalsiamu ya kabonati, ile ya bei rahisi iliyojaa madukani, nayo inakausha na kuleta gesi, tena inahitaji asidi ya tumbo ambayo kwangu ni kidogo. Choo kikikaa siku kadhaa, gesi inayotengenezwa nyuma yake itapita wapi? Nilibadilishiwa kalsiamu nikapewa ya sitreti, nikatenganisha saa zake na za madini ya chuma, na chai nikaisogeza mbali na vidonge vya chuma kwa sababu inazuia visifyonzwe. Maji nakunywa kidogo kidogo kutwa nzima. Jioni natembea kutoka sokoni mpaka nyumbani, sipandi bajaji. Mwendo wa miguu unasukuma utumbo kuliko dawa nyingi nilizouziwa.

Ya pili ilihitaji daktari. Kwenye duka moja la dawa nilikuwa nimeambiwa nina vidonda vya tumbo, sikupimwa, nikapewa omeprazo, nikaambiwa ikiisha nirudi. Nikawa narudi miezi na miezi. Daktari bingwa wa tumbo aliponisikiliza alianza na hicho. Akanieleza kwamba utumbo mwembamba kwa kawaida hauna bakteria wengi, asidi ya tumbo na mwendo wa chakula vinawazuia. Ukishahamisha njia, ukabakiza kipande cha utumbo kisichopitisha chakula, na juu yake ukazima asidi kwa dawa muda mrefu, bakteria wanapanda na kuweka makao pale juu. Chakula kinachachushwa kabla hujakifyonza. Wanakula hata B12 yako. Yangu ilipopimwa ilikuwa chini sana, nikajua na ganzi ya vidole vya miguu ilitoka wapi. Kipimo chake ni cha pumzi, unakunywa maji ya sukari maalumu halafu wanapima haidrojeni unayopumua. Hospitali nyingi hazina, hivyo daktari alinitibu kwa kufuata dalili: kozi fupi ya dawa za kuua bakteria, sindano za B12, na omeprazo akaiondoa taratibu. Ndani ya wiki chache kitenge kilifungika tena jioni. Hali hii inaweza kurudi, kwangu imesharudi, na mara zote nimekwenda kwa daktari. Nasema hivi kwa sababu najua mtu atasoma hapa akimbilie kununua Flagyl. Ukiinywa ovyo unaua na bakteria wanaokusaidia, na unaficha ugonjwa ambao ungepaswa kuonekana.

Mengine niliyojaribu nitayataja kwa ufupi. Simethikoni, ile iliyomo kwenye dawa za matone za watoto wachanga, haina madhara na mara nyingine inanisaidia na hewa ya juu. Vidonge vya mkaa vinanyonya na dawa zako nyingine, sivitaki. Tangawizi ya moto naipenda. Bizari nzima kijiko kimoja kwenye maji ya moto naipenda zaidi. Kulala chali na kuvuta magoti kifuani kunasaidia, ila chagua chumba.

Kitonga inastahili maneno yake. Mtu anayesafiri na basi kutoka Dar kuja huku anaondoka usawa wa bahari, na ikifika pale baada ya Ruaha Mbuyuni barabara inaanza kujinyonga kupanda mlima. Ukiwa na pakiti ya krispi iliyofungwa, itazame: Morogoro ilikuwa imelegea, ukimaliza Kitonga imetuna kama inataka kupasuka. Hewa iliyomo tumboni mwako inafanya vilevile. Kutoka pwani mpaka Mbeya mgandamizo wa hewa unapungua karibu moja ya tano, na gesi iliyofungiwa mahali inatanuka kwa kadiri hiyo. Abiria wengi hawaoni kitu. Mimi mara ya kwanza nilidhani mishono imeachia. Sasa nikisafiri siku hiyo sili mayai ya kuchemsha ya Chalinze, sinywi soda, nakula wali kidogo na kuku, nakaa siti ya njiani, na basi likisimama kuchimba dawa nashuka wa kwanza nikatembee. Ndege ya kutua Songwe haina nafuu. Ndani ya ndege nako hewa imepunguzwa kama uko mlimani.

Lakini si kila tumbo lililojaa ni gesi, na hapa naomba msomaji atulie. Mwaka 2018 nilipata maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani, hasa nikila chenye mafuta. Sokoni kila mtu alikuwa na jina moja, gesi. Kituo kimoja cha afya wakanichoma diklofenaki. Ultrasaundi ilipofanyika ilionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ukipungua uzito kwa kasi mawe hayo hujitengeneza kwa urahisi. Mfuko ukatolewa. Na ile sindano, daktari wa upasuaji alishika kichwa: mtu mwenye upasuaji wangu hapaswi kutumia diklofenaki wala ibuprofeni hivihivi, zinaweza kutoboa kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo.

Akanieleza na jingine ambalo sikuwahi kulisikia. Baada ya kuhamishwa utumbo, ndani hubaki matundu, na ukipungua mafuta matundu yanapanuka. Kipande cha utumbo kinaweza kupenya kwenye tundu na kujinyonga, hata miaka mingi baadaye. Maumivu yake ni makali, yanakuja kwa mawimbi, mara nyingi baada ya kula, na yanaweza kuacha kabisa kisha yakarudi. Ukiona hivyo, au unatapika, au choo na hewa vyote vimegoma kutoka, usitafute bizari, nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Wao wanaweza wasijue umbo la utumbo wako, maana kwa nje una vikovu vidogo tu. Mimi kwenye pochi nina karatasi iliyolaminishwa: jina la upasuaji, mwaka, dawa nisizopaswa kupewa. Binti yangu ana picha yake kwenye simu. Kinyesi cheusi, damu, au uzito unaoshuka bila mpango navyo visisubiri.

Kilichobaki ni watu, nao ni wagumu kuliko maharage. Msibani huku kwetu chakula ni ugali, maharage na kabichi, vimepikwa kwenye masufuria makubwa na akina mama waliokesha. Kukataa ni kama kuwakataa wafiwa. Kusema "nilipasuliwa" kunafungua kikao cha maswali. Njia yangu ni kwenda jikoni mapema na kufunga kanga kiunoni: nikiwa mpakuaji hakuna anayehesabu nilichokula, na nikipenda najipakulia ugali na nyanya ya juu ya mchuzi. Shangazi yangu mmoja hakudanganyika. Aliniita pembeni: "Mbona wewe unalisha watu, huli? Kile kitumbo chako bado kinakusumbua?" Nikamweleza yote, na habari ya kuloweka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye miaka hiyo yote gesi inamuua na hajapasuliwa na mtu. Tangu hapo msiba ukiwa wa upande wake, maharage yanalowekwa.

Sasa mpwa wangu wa Iringa anataka kwenda Dar kupunguzwa tumbo, ile aina ya kukata sehemu kubwa ya tumbo na kubakiza kama bomba, utumbo hauguswi. Ananipigia kila jioni. Nimemwambia kwa aina hiyo gesi yake huenda ikawa hasa ya hewa ya kumeza na choo kigumu, na kiungulia ndicho cha kukiuliza sana, hasa kwa kuwa tayari anacho. Nimempa maswali ya kwenda nayo: ni aina ipi na kwa nini hiyo, nani atamfuatilia mwaka wa tatu na wa tano akiwa Iringa, vipimo vya damu atafanyia wapi, virutubisho vitamgharimu kiasi gani kwa mwezi, na akiumwa tumbo usiku ampigie nani. La gharama za virutubisho ameshaniuliza kama naweza kumsaidia. Nimemwambia alete gunia la debe sita la maharage mapya kutoka Ilula tuzungumze.